Mario Alitoshwa na Kilobaiti 40, Sisi Tunasubiri Nini?

Wanachuo wa kompyuta tukifika mwaka wa mwisho, miradi ni ile ile: mfumo wa maktaba, mfumo wa kusajili wagonjwa, mfumo wa kutafuta vyumba vya kupanga. Mwambie mwenzako mtengeneze gemu, atacheka. Eti gemu ni mambo ya watoto, halafu laptop zetu haziwezi. Hoja zote mbili ni dhaifu, na shahidi wangu ni Super Mario Bros.

Gemu hiyo ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Waliiongoza Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa Nintendo, kampuni iliyoanza Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Sisi tuliokulia Handeni na Korogwe hatukuijua kwa jina la kampuni. Tuliijua kwenye vibanda vya gemu, kwa mashine za kunakiliwa na kanda zilizoandikwa zina maelfu ya gemu, kumbe ni chache tu zinajirudia. Unalipa, unashika padi, ukifa unampa mwenzako.

Sasa tuangalie ukubwa wake. Hatua 32, ngome, maadui, muziki wa Koji Kondo, vyote vimekaa kwenye kilobaiti 40. Picha uliyoweka status leo asubuhi inazidi hapo. Waliwezaje? Kwa kubana. Wingu na kichaka ni mchoro mmoja: juu umepakwa rangi nyeupe, chini kijani. Umbo lile lile! Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya RAM.

Na kuhusu utoto: mwanzo tu wa gemu, kidubwana kama uyoga kinakujia. Hakuna maandishi wala maelekezo. Usiporuka unakufa, ukirudia unaruka. Ndiyo maana mtoto wa Mkata asiyejua neno la Kiingereza aliielewa ndani ya dakika moja. Kumfundisha mtu bila kumhubiria ni kazi ngumu, na wapo wahadhiri wanaoitafuta mpaka leo.

Leo sarafu ya mtoto huyo inaweza kuishia kwenye dubwi. Tuseme ukweli, dubwi halimfundishi kitu. Kwa Mario ulilipa ukapata nafasi ya kuwa hodari kuliko jana. Kwenye dubwi hodari ni mashine siku zote. Kulaani tu hakusaidii. Lazima tuwape watoto kitu kingine cha kushika mkononi.

Kitu hicho tunacho. Kwenye Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi ameandika habari za Mbegha, mwindaji wa Nguu. Meno ya juu yalimtangulia kuota, akaitwa kigego, ndugu zake wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake. Alipofika Kilindi, mtoto wa mkubwa wa pale akauawa na nguruwe mwitu wakiwa mawindoni, ikabidi akimbie tena. Akapanda Usambara, akawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, nyama akawagawia, mwisho wakamfanya mtawala wao huko Vugha.

Jamani, hiyo si gemu tayari? Kilindi ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni hadi 2002. Kutoka huko lazima uvuke Mto Pangani, ule ule unaopita Korogwe, ndipo uanze kupanda milima. Fungua ramani: safari inatoka kushoto kwenda kulia, tena inapanda. Mario naye anakwenda kulia tu, ukimrudisha nyuma skrini inagoma.

Sisemi tutengeneze hatua 32. Tutengeneze tatu: pori, mto, mlima. Programu ya Godot ni ya bure. Wa kompyuta waandike kodi, wa historia wahakikishe Mbegha hapotoshwi, wa sanaa wachore, na Wazigua na Wasambaa tuliopo hapa chuoni tuweke sauti. Serikali ya wanafunzi, inayotafuta kila mwaka jambo la kufanya wiki ya taaluma, itoe chumba na umeme.

Mifumo ya maktaba tunayo ya kutosha kwenye makabati ya idara, na hakuna anayeitumia. Gemu ya Mbegha itakuwa na wachezaji siku ya kwanza tu ikifika kibandani Korogwe. Anayetaka kuanza anitafute, laptop yangu ni mbovu lakini inawaka.