KUFOKA NAKO NI SANAA

Wapo walimu ambao hadi leo, wakimkuta mwanafunzi ameandika beti za muziki wa kufokafoka nyuma ya daftari lake, huichana karatasi hiyo na kumwita mwandishi wake mhuni. Husema kwamba kupayuka si kuimba, na kwamba muziki huo ni kasumba iliyoletwa kutoka Marekani.

Kwamba umetoka Marekani ni kweli. Lakini yafaa iulizwe umetoka Marekani ipi. Tarehe 11 Agosti, 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaica aitwaye Clive Campbell, maarufu kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake, akizirudia sehemu za ngoma tupu ili watu wapate kucheza. Bronx ya miaka hiyo ilikuwa mtaa wa wanyonge, wengi wao watu weusi na wahamiaji, na majengo yake yalikuwa yakiteketea kwa moto. Mwaka 1982 kundi la Grandmaster Flash and the Furious Five likatoa wimbo uitwao "The Message", ulioeleza maisha ya walala hoi wa mitaa hiyo. Mabepari walikuja baadaye na fedha zao, wakagundua kwamba bunduki na mikufu ya dhahabu huuzika upesi kuliko njaa ya mnyonge. Uchafu huo ni wa soko, nao hauna budi kupigwa vita.

Ama hoja ya kupayuka, wasomi wa Kiswahili wamekwisha kuisikia kwa sura nyingine. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na vina na mizani vikashikwa kuwa nguzo za utungo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila ya nguzo hizo, wanajadi walikataa kuyaita mashairi. Leo mashairi huru yanafundishwa darasani. Ajabu ni kwamba kijana anayefoka yu karibu zaidi na Sheikh Amri kuliko Kezilahabi: hawezi kuacha kina hata kidogo, na mizani yake huipima kwa mdundo wa ngoma. Akikosea, wenzake humzomea papo hapo.

Hata hivyo, watetezi wa muziki huu nao wamezoea kujitetea kwa neno moja tu, kwamba wanaeleza hisia zao. Hoja hiyo haitoshi. Mtoto aliaye naye hueleza hisia zake, na hakuna amwitaye msanii. Sanaa ni pale uchungu unapotafutiwa neno lake, ukapangwa, hata asiyeupata akautambua. Mwenye matusi na majivuno matupu hajafika hapo, awe anafoka au anaimba taarabu.

Joseph Haule, yaani Profesa Jay, alifika. Katika wimbo "Ndiyo Mzee" wa mwaka 2001 hakusema kwamba ana hasira na wanasiasa. Alijivika joho la mgombea, akamwaga ahadi juu ya ahadi, na umati ukamwitikia. Msikilizaji alicheka kwanza, kisha akajiuliza ni mara ngapi naye ameitikia hivyo. Haule alichaguliwa kuwa Mbunge mwaka 2015, kama alivyochaguliwa Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, mwaka 2010. Wote wawili waliingia Bungeni kwa tiketi ya upinzani, na jambo hilo lisimzuie mtu yeyote wa Chama kukiri kwamba wimbo ule ulitungwa vyema, na kwamba baadhi ya viongozi walistahili kuusikia.

Basi mwalimu wa Kiswahili atakayeikuta karatasi ile asiichane. Aiandike ubaoni kandokando na shairi la Shaaban Robert, awaulize wanafunzi wapi kina kimelazimishwa, wapi neno la Kiingereza limetiwa kwa uvivu, na wapi mtungaji amesema jambo. Mwenye karatasi naye awepo, ajibu.