Kalundu nayo ina habari

Ndugu Mhariri,

Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huandikwa magazetini risasi zinapolia au maji yanapofurika, kama Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuua watu. Habari hizo ni za lazima. Lakini kati ya msiba na msiba mji unaishi, na maisha hayo hayapati hata safu moja.

Wavuvi wa ndagala, samaki wadogo, huingia Ziwa Tanganyika usiku na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawavutwi na taa, nyavu hupumzika, na bei sokoni hupanda. Mama anayeanika ndagala ufukweni anahitaji kujua ni boti gani inaondoka Kalundu, bandari ya mji, kwenda Baraka au Kalemie, na kama mpaka wa Kavimvira uko wazi kuelekea Bujumbura. Akikosa habari, hutegemea uvumi, na mzigo humwozea mikononi.

Na habari haziko ziwani tu. Huko Kiliba, kaskazini mwa mji, kiwanda cha sukari kilifungwa miaka ya 1990. Nani amewahoji wazee waliofanya kazi pale?

Ukurasa mmoja wa gazeti kwa juma ungefaa sana: bei za samaki, safari za boti, mechi za mitaa, mikutano ya wauza samaki. Vijana wenye uwezo wa kuandika hayo wapo Uvira. Wapewe nafasi, na walipwe.

Msomaji,
Uvira