Watangazaji wasiiache ‘jii’

AGOSTI 22, 2025, Morocco ilipoifunga Taifa Stars kwenye robo fainali ya CHAN, mashabiki Uwanja wa Benjamin Mkapa walinyamaza jii. Siku hiyohiyo, kule Kasarani, Harambee Stars ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Jii ikawa ya nchi mbili.

Neno hilo halina kazi nyingine zaidi ya kimya. Litamke taratibu: jii. Ni jembamba, linavutika, halina pa kupasukia. Kufungwa nyumbani kuko hivyo hivyo. Sema “walinyamaza sana”, itaeleweka, ila haiumi.

Shuleni maneno haya huitwa tanakali sauti, hukaririwa kwa ajili ya mtihani, yakaishia hapo. Lakini mwenye kuyahitaji kuliko wote ni mtangazaji wa mpira redioni. Kipa akianguka pu, kashuka na mwili mzima. Akianguka tifu, msikilizaji ameshajua uwanja ni wa mchanga na vumbi limetimka, bila kuambiwa. Jezi zikilowa chepechepe, mvua haihitaji maelezo. Shuti likipigwa, moyo unafanya pa! Kipa akilidaka ndi, watu wanashusha pumzi.

Siku hizi mechi nyingi redioni zinatangazwa kana kwamba msikilizaji anaona picha. “Pale, pale, anampa yule...” Yule nani, pale wapi? Wengine wanasoma asilimia za umiliki wa mpira huku mpira wenyewe ukiwa ndani ya boksi. Na bao likiingia ni “goooo!” mpaka pumzi iishe, iwe shuti la mita 30 au beki kajifunga. Hapo anayepunjwa ni dereva aliye barabarani, mama aliye jikoni, na zaidi shabiki asiyeona, ambaye macho yake ni mdomo wa mtangazaji.

Wapo pia wanaozidisha (wanajulikana), kila pasi ni pa! pu! Shuti la kweli likija, hawana tena neno la kulipa.

Wahariri wa magazeti nao wapunguze kalamu nyekundu. Mwandishi analeta “uwanja ulijaa pomoni”, inachapwa “mashabiki wengi walihudhuria”.

Vituo vinapofanya usaili wa watangazaji, viache kuuliza nani anajua majina ya wachezaji wa Ulaya. Mwombaji apewe dakika mbili za mechi ya mchangani, na wanaomsaili wakae wameupa uwanja mgongo.