Lile Boksi la Sinema Chini ya Kitanda

Katika nyumba nyingi lipo boksi ambalo baba hataki liguswe. Ukilifungua unakuta mabango ya sinema yaliyokunjwa, picha za waigizaji, tiketi za zamani, na kanda za video ambazo hata deki ya kuzichezea haipo tena. Wewe unaona takataka. Yeye anaona ujana wake. Siku ya usafi mkubwa mama anachoma, jioni baba anauliza, na kuanzia hapo maneno hayaishi.

Ushauri wetu mwezi huu ni mfupi: usichome kabla hujauliza, na usihifadhi kabla hujachagua. Nyumba si ghala. Vichache vilivyotunzwa vizuri ni bora kuliko rundo linaloliwa na mchwa.

Je, vitu hivi vina thamani?

Vingine vina thamani ya kushangaza. Mwaka 2005 viatu vyekundu vilivyotumika katika filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939, iliyochezwa na Judy Garland, viliibiwa katika jumba la makumbusho huko Grand Rapids, Minnesota, Marekani. Vilipatikana mwaka 2018, na Desemba 2024 viliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 28, bila kuhesabu ada za mnada.

Lakini, mama, usikimbilie kuota utajiri. Vitu vingi vya nyumbani havina bei kubwa; thamani yake ni kumbukumbu. Bango la Mother India ya mwaka 1957 linawakumbusha wazee wengi wa pwani jioni walizokwenda sinema na familia nzima. Hatari! ya mwaka 1962, aliyocheza John Wayne, ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Kama babu alifanya kazi siku zile akabaki na picha moja, hiyo ni historia ya ukoo wenu. Usidharau pia vya karibuni: jalada la kanda ya Girlfriend ya mwaka 2003, au la filamu mojawapo ya Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, litawaeleza wajukuu wako mengi.

Kuvipata bila kupunjwa

Anza na wazee wa familia kabla ya kwenda dukani. Uliza waliokuwa wakiuza tiketi au kuendesha mashine kwenye majumba ya sinema yaliyofungwa. Pita kwa wauza vitabu vilivyotumika, kwa waliokuwa na maduka ya kukodisha kanda, na kwenye maduka ya vitu vya kale.

Kabla ya kulipa, tazama mambo haya. Bango la kawaida la Marekani la miaka ya zamani lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, na hadi miaka ya 1970 mengi yalisambazwa yakiwa yamekunjwa. Basi ukiambiwa bango ni la mwaka 1962, nalo ni jeupe pepepe, halina alama ya mkunjo na ni dogo kuliko vipimo hivyo, uliza maswali. Huenda ni nakala ya juzi. Nakala si dhambi kama inauzwa kwa bei ya nakala.

Halafu baba na mama wakubaliane kiasi cha fedha kwa mwaka. Fedha ya karo na ya matibabu haiguswi kwa ajili ya bango.

Kuvitunza

1. Mwanga. Jua hufifisha rangi, na rangi ikishapotea hairudi. Ile jozi nyingine ya viatu vyekundu iliyoko Smithsonian, Washington, ilififia hata mwaka 2016 wananchi wakachanga zaidi ya dola 300,000 ili vihifadhiwe. Ukitundika bango sebuleni, liweke kwenye fremu, ukuta usiopigwa na jua, na kioo kisigusane na karatasi.

2. Unyevu na joto. Usiweke boksi sakafuni, karibu na bafu au jikoni, wala juu ya dari chini ya mabati. Chumba cha kulala, rafu ya katikati ya kabati, panatosha. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, viweke humo, mbali na watoto. Kila baada ya miezi mitatu fungua, pepeta, kagua.

3. Wadudu. Mchwa, mende na panya hupenda karatasi. Usipulizie dawa juu ya bango lenyewe. Safisha kabati na ziba nyufa. Vidonge vyeupe vya nondo ni sumu, na mtoto mdogo hudhani ni peremende. Afadhali usafi.

4. Gundi. Selotepu hugeuka rangi ya kahawia na kuacha doa lisilotoka. Bango lililochanika usilibandike. Liweke bapa kati ya karatasi safi nyeupe. Usitumie plastiki laini yenye harufu kali, wala pini na vibanio vya chuma, maana hushika kutu.

5. Maandishi. Nyuma ya picha andika kwa penseli, taratibu: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili.

6. Kanda za video. Zirudishe mwanzo, zisimamishe kama vitabu ndani ya majalada yake, mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku. Ukiona ukungu mweupe usiichezeshe; itachafua deki na kanda nyingine. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki hizo, hivyo kanda ya harusi yenu mpelekee fundi mapema aihamishie kwenye kompyuta, deki ingali inapatikana.

Onyo kwa filamu za kale

Ukikuta mikanda halisi ya filamu, ile mipana yenye matundu pembeni, tahadhari. Iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 huenda ni ya nitrati, ambayo hushika moto upesi na haizimiki hata ndani ya maji. Mwaka 1978 huko Rochester, Marekani, moto wa filamu za namna hiyo uliteketeza filamu 329 za makumbusho. Usiijaribu kwa kiberiti, usiiweke ndani, watoto wasiichezee; waite zimamoto wakushauri. Ile inayonuka siki si ya kulipuka, ila inaoza. Itenge na nyingine isije ikaziambukiza.

Mwisho, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kitu: jina la filamu, kilitoka kwa nani, kilinunuliwa kwa bei gani, na nani akirithi. Wajane wengi wameuza kwa muuza maandazi karatasi ambazo marehemu alizitunza miaka thelathini, kwa sababu hakuwahi kuwaambia ni za nini. Mwambieni mtoto mkubwa ndiye aandike, baba akisimulia. Hadithi hizo ndizo urithi wenyewe. Karatasi ni ushahidi tu.