Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti wa Kilimo na Mifugo, Nyeri

Mheshimiwa Waziri,

Serikali imegawa mitambo ya kupoza maziwa kwa vyama vya ushirika katika kaunti nyingi, na wafugaji wameipokea kwa shukrani. Ila mtambo hauui vijidudu. Hupunguza tu kasi yao ya kuzaliana. Maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye ugonjwa wa kiwele yakimiminwa humo yanaweza kuharibu ya wenzake wote. Kazi inayoamua ubora hufanyika zizini alfajiri, na huko ndiko mfugaji anakohitaji mkono wa kaunti.

Mkamuaji hodari hukamua matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi, akayamulika kwa tochi. Akiona mabonge, ng'ombe huyo hukamuliwa mwisho, maziwa yake humwagwa, na habari zake huandikwa daftarini. Miezi ikipita, daftari humwonyesha ng'ombe anayeugua kila mara, aliyepandishwa mara tatu bila kushika mimba, na anayekula kuliko anavyotoa. Asiye na daftari huuza ng'ombe mzuri akabaki na wa hasara.

Mukurwe-ini, hapa Nyeri, wamethibitisha kwamba mfugaji mdogo anaweza kufanikiwa. Kampuni ya maziwa ya Wakulima ilianza mwaka 1990 kama kikundi cha kujisaidia. Kampuni kubwa ya maziwa ya KCC iliporomoka katika muongo huo huo, ikiacha wafugaji wengi nchini wakidai malipo yao. Wakulima ilidumu, na leo ina kiwanda chake.

Kieni, pia hapa Nyeri, hali ni ngumu zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huihesabu miongoni mwa maeneo kame, ingawa theluji ya Mlima Kenya inaonekana kutoka huko. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo mengi kame ya nchi. Katika ukame kama huo, mwenye marobota ya nyasi ghalani au sileji shimoni huendelea kukamua. Asiye navyo hununua nyasi kwa bei yoyote atakayotajiwa, au huuza mtamba wake kwa bei ya kutupa.

Chanjo nayo haingoji. Kinga ya ugonjwa wa miguu na midomo hupungua baada ya miezi michache, kwa hiyo chanjo hurudiwa, kwa kawaida kila miezi sita. Ikiletwa baada ya mlipuko, karantini huwa imeshafunga soko la mifugo.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mheshimiwa, wafugaji wanaomba bajeti ijayo iweke afisa wa ugani katika kila wadi, mwenye pikipiki na mafuta, akague madaftari pamoja nao. Ratiba ya chanjo ya mwaka mzima itangazwe mapema. Na ghala za nyasi za Kieni zijazwe mara tu mvua za masika zinapokatika.