Sungura Asiyelia Anasema Nini?

Hapa kwetu Mlandizi sungura ameingia katika nyumba nyingi kwa mlango wa watoto. Mtoto hupewa mmoja na mwenzake wa shule, humpakata kifuani mpaka nyumbani, na kabla ya magharibi kibanda cha mbao na wavu kimekwisha kusimama nyuma ya jiko. Baba husema hicho ni kitoweo cha sikukuu. Mtoto hajibu, lakini tayari amekwisha kumpa jina. Asubuhi, watoto wakiwa shuleni na baba kazini, anayebaki na sungura ni mama. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya mnyama huyu, maana maneno tunayoyasikia kwa akina mama wenzetu ni yale yale: jana alikuwa mzima, leo tumemkuta amekufa.

Mara nyingi hata hiyo jana hakuwa mzima.

Sungura wa hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu ana maneno mengi kupita kiasi. Humlaghai Fisi, humcheka Simba, na kila mara hupata njia ya kutokea. Sungura wa bandani hafanani naye. Hata yule wa porini, anayekatiza barabara ya vumbi usiku, ni wa jamii nyingine. Wa porini huzaa katika nyasi, na vitoto vyake hutoka vikiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na nchi za jirani yake, ambako mababu zake walichimba mashimo na kuishi kwa makundi ardhini, na vitoto vyake huzaliwa uchi na vipofu. Mnyama anayewindwa na kila mwenye makucha hafaidiki kitu kwa kupiga kelele. Mbuzi akiumwa hulia. Sungura huficha maumivu mpaka nguvu zimwishie. Basi maneno yake yapo katika masikio, pua, meno na miguu.

Tuanze na mguu, kwa kuwa ndio unaowashtua watu usiku. Ukisikia kishindo bandani, kimoja au viwili vya nguvu, ni sungura anayepiga chini kwa mguu wa nyuma. Huko ilikotoka asili yake, kishindo hicho huwapa habari wenzake walio ndani ya mashimo kwamba kuna hatari. Huku kwetu hatari huwa ni nyoka, paka wa jirani, au siafu, ambao kwa vitoto ni wabaya kuliko wote. Washa taa ukaangalie. Kama miguu ya banda haijawekwa ndani ya makopo yenye maji au oili chafu, ifanyie hivyo kesho yake.

Meno nayo yana lugha mbili. Mtoto akimkuna sungura kwenye paji la uso, utasikia meno yakigusana polepole, kwa sauti ndogo sana. Hiyo ni raha. Lakini akiwa amejikunyata pembeni na meno yanasagika kwa nguvu, anaumwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitoa kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa sungura, na mama yeyote anaweza kukitumia bila chombo chochote. Tazama macho kama yamefinywa, mashavu kama yamebonyea, pua kama imechongoka, sharubu kama zimekakamaa, na masikio kama yamelazwa nyuma. Jambo moja peke yake laweza kuwa ni usingizi tu. Yakija kadhaa pamoja, na majani ya asubuhi hayajaguswa, hapo pana shida.

Na hilo la kutokula tulitilie mkazo. Tumbo la sungura limeumbwa lifanye kazi wakati wote, na likisimama hakai sana. Akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, usingoje kesho. Mpeleke kwa bwana mifugo siku ile ile. (Watoto wakikuambia wamemwona akiinama na kula kinyesi chake mwenyewe, watulize. Kipo kinyesi laini anachokitoa na kukila tena ili apate virutubisho, na ni dalili kwamba tumbo linakwenda vizuri.)

Hapa pwani joto la Kaskazi huwaua wengi, hasa chini ya bati. Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa masikio yake. Jioni akijinyosha ubavu na kufumba macho, amestarehe, mwache. Saa saba mchana akijinyosha hivyo hivyo lakini anahema kwa kasi, pua imelowa, masikio yana moto, au mdomo uko wazi, anakuambia kwamba anakufa. Mhamishe kivulini mara moja, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, na usimtumbukize kwenye ndoo, maana mshtuko utammaliza. Makuti juu ya banda yana faida kuliko bati, na ni ya bei nafuu.

Sasa tufike kwenye habari inayotuuma zaidi. Mama mmoja wa huku kwetu alizaliwa vitoto sita bandani. Kutwa nzima alimwona jike amekaa upande wake, hana habari na wanawe. Majirani wakamwambia amewakataa. Akavitoa, akavinywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko cha chai. Siku ya tatu vilikuwa vimebaki vitatu. Kwa kweli jike yule alikuwa mama mwema, na lililokosekana ni mtu wa kueleza namna sungura wanavyolea.

Mimba ya sungura ni ya siku 31 hivi. Siku za mwisho jike hubeba nyasi kinywani, kisha hujinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni ili atandike kiota. Wengine hudhani ana ugonjwa wa ngozi. Anachosema ni kwamba umpe sanduku la kuzalia, leo. Akishazaa, hakai juu ya wanawe kama kuku, kwa sababu harufu yake ingewaita maadui. Huwafunika na kuondoka. Hurudi kunyonyesha mara moja tu kwa siku, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa dakika tatu hadi tano, basi. Vitoto havioni wala havisikii vizuri, lakini havikosi chuchu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba wameitambua harufu iliyomo katika maziwa ya sungura ambayo kitoto kikiinusa tu huanza kutafuta chuchu. Hivyo mama na wana huzungumza gizani kwa pua.

Kwa hiyo usihesabu saa alizokaa mbali. Asubuhi fungua sanduku, nawa mikono kwanza, mshike jike mgongoni ili apate kuzoea, kisha angalia matumbo ya vitoto. Yakiwa ya mviringo na vitoto vimelala kimya vikiwa na joto, vimenyonya. Yakiwa yamenyauka na ngozi imekunjamana, na vinahangaika huku na huku, hapo ndipo pa kuingilia. Kugusa kwako hakumfanyi awakatae. Macho yatafumbuka siku ya kumi hivi.

Lipo suala la kuumwa na kukwaruzwa, ambalo huwafanya baba wa nyumba wamhukumu sungura kuwa mkali. Sungura huona karibu pande zote, ila haoni kilicho mbele kabisa ya pua yake. Mkono unaomshukia kutoka juu kwake ni mwewe. Mfundishe mtoto aje kwa ubavu, achuchumae, na amwachie anuse kwanza. Na kumwinua kwa masikio, kama wanavyofanya wauzaji barabarani, ni kumtesa. Kilio chembamba kinachomtoka wakati huo, ambacho hukisikia mara chache sana maishani, ni cha kiumbe kinachodhani kimekamatwa na adui. Mkono mmoja uende chini ya kifua, wa pili ubebe makalio.

Mengine ni ya furaha, nayo watoto huyajua kabla yetu. Akiruka juu na kujipinda hewani, anacheza. Akipaka kidevu chake kwenye mguu wa meza au kiatu chako, anatia alama ya harufu kwamba hicho ni chake. Dume linalokuzunguka miguuni likivuma kwa sauti ya chini linatafuta jike. Naye akikusukuma mkono kwa pua, anataka umkune. Akikusukuma mguu wakati unafagia banda, anataka upishe.