Nani Aliyemuuzia Mwenziwe?

Chukua sentensi hii, ambayo mwanafunzi yeyote wa Kitengela angeweza kuiandika akitumwa na babu yake kumwandikia chifu barua: "Jirani aliyemuuzia mzee shamba amefariki." Je, aliyeuza ni nani? Sarufi ya Kiswahili inaruhusu majibu mawili. Huenda jirani ndiye aliyeuza na mzee akanunua. Huenda pia mzee ndiye aliyeuza, na marehemu akawa mnunuzi. Mahali ambapo ardhi ya ranchi ya pamoja iligawanywa tangu miaka ya 1980 na kuuzwa vipande vipande, huo si mchezo wa maneno.

Chanzo cha utata huo ni bayana. Kiambishi -ye- cha urejeshi hakisemi kama anayerejelewa ni mtenda au mtendewa, na viambishi a- na -m- vyote ni vya ngeli moja, ya watu na wanyama. Lau nomino hizo zingekuwa za ngeli mbalimbali, utata ungetoweka. Asomaye "kiti alichokivunja mtoto" hawezi kudhani kwamba kiti ndicho kilichomvunja mtoto. Kumbe ngeli, ambazo wanafunzi huziona kuwa mzigo, ndizo zinazotulindia maana. Zinaposhindwa, amba- hutuokoa: "jirani ambaye mzee alimuuzia shamba".

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili hutenga alama 40 kati ya 80 kwa matumizi ya lugha, na swali la "eleza maana mbili za sentensi" si geni kwa mtahiniwa. Aghalabu hulijibu vizuri. Lakini tumemzoesha kuuona utata kama kitendawili cha mtihani, wala si jambo linaloweza kumpotezea mtu shamba. Tunamfundisha kutenga kiima, kiarifu, shamirisho na chagizo, kisha tunamwachilia bila kumweleza kwa nini msemaji huchagua mpangilio huu badala ya ule.

Nami nadai kwamba hapana mahali panapofaa zaidi kulifundisha jambo hilo kuliko darasa la Kajiado. Katika Kimaasai kitenzi ndicho hutangulia kwa kawaida, kisha majina hufuata. Anayetenda na anayetendewa hutofautishwa, kwa nomino nyingi, na toni: jina ni lile lile, sauti hupanda au kushuka. A. N. Tucker na J. Tompo Ole Mpaayei waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha sarufi ya Kimaasai kilichochapishwa mwaka 1955. Maandishi ya kawaida, hata hivyo, hayaweki alama za toni, na msomaji hulazimika kutegemea muktadha. Kitenzi nacho hubeba habari yake: adol ni "ninaona", aadol ni "ananiona".

Mwenzake anayeketi dawati moja naye huenda anazungumza Kikuyu au Kikamba. Huko kuna kijineno nĩ, kidogo kwa umbo, kikubwa kwa kazi. Kikishikamana na kitenzi, huthibitisha kwamba jambo limetendeka. Kikitangulia jina, jina hilo ndilo linalotiliwa mkazo. Kiswahili hutumia ndiye: "Jirani ndiye aliyeuza", si mwingine.

Kiswahili pia hutumia mpangilio. Anayesema "Mgeni amekuja" anamtaja mgeni aliyekuwa akitarajiwa. Anayesema "Amekuja mgeni" analeta habari mpya kabisa. Vivyo hivyo, "nimesoma kitabu" na "kitabu nimekisoma" hazijibu swali moja. Katika ya pili kitabu kinajulikana tayari, na linaloulizwa ni kama kimesomwa. Inasikitisha, basi, kuona wapo walimu wanaopiga mstari mwekundu chini ya "Amekuja mgeni" kwa hoja kwamba kiima sharti kitangulie. Mtoto wa Kimaasai akiandika hivyo, huambiwa kwamba ameathiriwa na lugha ya mama. Pengine ameathiriwa. Lakini sentensi yake ni Kiswahili safi, na kosa, kama lipo, ni kuitumia pale ambapo mgeni alikwisha kutajwa. Hilo ndilo linalostahili kuandikwa pambizoni mwa daftari.

Nitaambiwa kwamba muda hautoshi, na kwamba Kitengela ni mji wa mchanganyiko ambako mwalimu hawezi kujua lugha zote. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza, na mijini jambo hilo limekuwa gumu siku zote. Hapa, hata hivyo, mwalimu hatakiwi kuzijua lugha hizo. Anatakiwa kuuliza tu. Aandike ubaoni sentensi ya jirani na mzee, awaombe wanafunzi waitamke katika lugha za nyumbani kwao, mara moja jirani akiwa muuzaji na mara ya pili akiwa mnunuzi, kisha waeleze ni kitu gani kilichobadilika: toni, neno, au nafasi. Kipindi kimoja cha dakika arubaini kinatosha, na yule aliyezoea kunyamaza nyuma ya darasa huenda siku hiyo akawa ndiye anayefundisha.